Tim bildingi Saanane: tulilipa, tukacheza, tukagombana, tukapata kitu

Naandika hii maana nilipokuwa natafuta watu wa kutufanyia tim bildingi, yaani siku ya michezo na mafunzo ili watu wa ofisi waelewane, hapa Mwanza sikupata hata mmoja aliyesema ukweli, wote wanapost picha za watu wamevaa tisheti zinazofanana wanacheka afu basi.

Sisi ni ofisi ndogo, watu 14, tunauza vifaa vya uvuvi: nyavu, kamba, spea za injini za boti na zaidi ya yote taa za sola za wavuvi wa dagaa. Duka liko mjini, stoo iko Igoma, na hapo ndo ugomvi ulipozaliwa. Mauzo anamwahidi mteja wa Ukerewe mzigo wako unapanda meli leo, stoo hawana taarifa, jioni mzigo unafungwa harakaharaka, mteja kaagiza nyavu za inchi 7 anakutana na inchi 6, mzigo unarudi, kila mtu anasema siyo mimi. Ilifika hatua stoo wakiona simu ya mauzo wanaiacha iite mpaka ikate, na mama yetu wa uhasibu akawa anapita katikati kama balozi wa nyumba kumi.

Bosi akasema tutafute wataalamu. Tukapata kaka mmoja na dada mmoja wanaofanya mafunzo ya maofisi (jina siwataji maana nina ya kuwasema). Bei elfu 85 kwa kichwa, humo ndani kuna mafunzo, chai, chakula cha mchana, na kuja kuwatembelea mara moja baadaye. Kiingilio cha hifadhi ya kisiwa cha Saanane na boti juu yenu. Tulipanga siku za mbalamwezi, wanaojua biashara yetu wanaelewa, mwezi ukijaa dagaa hawafuati taa, wavuvi wanapumzika na dukani kunakuwa kimya hata ukifunga siku nzima hulii.

Mahali sina neno. Unapanda boti pale Capri Point, dakika chache tu uko Saanane, hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini, kilomita 2 za mraba na kidogo na hapo na maji yamehesabiwa. Mawe, upepo, pimbi wanakuangalia kama wanakudai. Nusu ya wenzangu wamezaliwa Mwanza hii hii na walikuwa hawajawahi kukanyaga.

Sasa asubuhi yenyewe. Kaka alianza na laptop, juani, hatuoni kitu kwenye skrini, anasoma kama kasuku zile hatua nne za Bruce Tuckman za mwaka 1965, kwamba timu inakutana, inagombana, inazoeana, ndo inafanya kazi. Dereva wetu akasema sisi tuko ya pili mwaka wa tatu huu. Afu ukaja ule mchezo wa kujiachia kinyumenyume wenzako wakudake. Mama wa uhasibu akakataa, akasema mimi mgongo wangu nimeshaumia na hesabu zenu, na kiukweli nilimuunga mkono, kumdaka mtu sekunde mbili hakuhusiani kabisa na kumwamini na oda ya milioni tatu.

Ila mchezo wa tambi, aisee. Mnapewa tambi mbichi 20, uzi, utepe na dakika 18 mjenge mnara mrefu kadri mnavyoweza, juu ukae kitu. Kumbe unachezwa dunia nzima, huko wanaweka pipi fulani laini nyeupe, hawa wakatuletea kipande cha andazi. Kundi letu lilikuwa na kijana wa mauzo na mzee wa stoo. Mzee akasema taratibu, tufunge miguu mitatu kwanza. Kijana, "subiri mzee, subiri". Mzee akasogea pembeni akaanza kuchezea uzi. Mnara ulipanda vizuri, dakika za mwisho wakaweka andazi, ukakatika katikati pwaa. Watu tukaangua kicheko, dada hakucheka, akauliza nani aliona utaanguka. Mzee akanyoosha mkono. Mbona hukusema? Mzee akajibu, "Nilisema."

Kimya. Kijana akaangalia chini afu akasema nisamehe mzee wangu. Mzee akamwambia hilo limeisha baba, ila za nyavu je?

Hapo ndo semina ilipoanza, saa sita kasoro. Dada akaacha ratiba yake, akatusimulia kuhusu Amy Edmondson, profesa wa Harvard, alivyochunguza makosa ya dawa hospitalini miaka ya 1990 akitegemea timu zinazoelewana ndo zitakuwa na makosa machache, akakuta ndo zimeripoti mengi, maana wenzao walikuwa wanaficha. Afu akageuka, bosi anza wewe. Bosi akakohoa. Akasema zile inchi 6 za safari ile, mteja alimpigia yeye, yeye ndo akampigia kijana wa kufunga mizigo abadilishe saizi, kumbe yeye bosi ndo alimsikia mteja vibaya. Sisi tulikuwa tumeshamkata yule kijana elfu 30 kwenye mshahara, na kijana alikuwa amekaa pale pale kwenye jiwe anasikiliza. Jumatatu alirudishiwa hela yake mbele ya watu wote.

Chakula ni aibu. Kilifika saa tisa kasoro, ugali umekauka pembeni, sato wa baridi. Jamani, sato wa baridi na ziwa liko pale unaliona.

Wiki tatu baadaye dada alikuja peke yake stoo Igoma, bila laptop. Akatuambia tuchore oda inavyotembea toka simu ya mteja mpaka melini, tukakuta inapita midomo mitatu kabla mtu hajaiandika popote. Sasa hivi oda inawekwa kwenye grupu moja la WhatsApp, stoo anairudia kwa maneno yake, mauzo akijibu sawa ndo mzigo unafungwa. Toka hapo umerudi mzigo mmoja tu, na kosa lilikuwa la mteja. Yale masaa mawili ya dada pale stoo mi naona yalizidi siku nzima ya kisiwani. Kijana wa mauzo na dereva bado hawasalimiani ila yale ni mambo ya mtaani kwao, hayahusu kazi.

Nawapa nyota 3 na nusu. Mkiwachukua ombeni wapunguze michezo ya asubuhi na bei ishuke, ulizeni kama dada yupo, na bosi wenu aje mwenyewe, asitume salamu. Chakula nimeshawaambia, wamesema watabadilisha mpishi, ila mi ningekuwa wewe ningekula kabla ya kupanda boti.