Gundi ya Kuziba Nyumba ya Trela: Nunua Inayovutika

Majira ya baridi yaliyopita niliivuta nyumba yangu ndogo kutoka Minneapolis hadi Duluth, mwendo wa kilomita 250 hivi kwenye barabara kuu ya I-35, na nilipofika nilikuta gundi niliyoipaka kwa siku mbili kuzunguka madirisha imepasuka katika kila pembe, kiasi kwamba kadi ya benki ilipenya kati ya fremu na ukuta. Ilikuwa gundi ya akriliki, ya bei ya chini kuliko zote dukani, na muuzaji alikuwa ameniapia kwamba inafaa nyumba yoyote ile. Mama yangu, aliponiona kwenye simu nikiikwangua kwa kisu, alinikumbusha ile methali ya ufa na ukuta. Nilimjibu kwamba ufa niliuziba, tena mara mbili, na ndiyo maana ninalalamika.

Nyumba iliyojengwa juu ya msingi imetulia, lakini ya trela hujipinda katika kila shimo la barabara, kwa sababu chasi ya chuma hunyumbuka kwa namna yake na kuta za mbao kwa namna yake. Juu ya hayo, chuma, mbao na kioo havitanuki kwa kiwango kimoja, nasi huku Minnesota huishi kati ya kiangazi cha nyuzi 32 na baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri. Kwa hiyo sitazungumzia rangi wala harufu ya gundi yoyote. Ninachouliza ni kimoja: ikishakauka, inavutika?

Ninayoiweka mbele, na sioni haya kusema kwamba naipendelea, ni Sikaflex-221, gundi ya poliurethani inayotumiwa na waundaji wa mabasi na trela. Hiyo hukomaa kwa kufyonza unyevu wa hewani, kisha hubaki kama mpira. Niliunganisha nayo vipande viwili vya plaiwudi, nikaviacha wiki nzima, halafu nikavivuta kwa nguvu zangu zote: tabaka la juu la plaiwudi lilibanduka, gundi ikabaki imeshika. Ubaya wake ni kwamba huganda mikononi kwa siku kadhaa, na hewa ya baridi iliyo kavu huichelewesha mno kukomaa, hivyo ni kazi ya kufanywa kabla ya Oktoba.

Inayofuata ni utepe wa butili, ambao hauchukui nafasi ya gundi bali hutangulia chini ya ukingo wa dirisha na wa tundu la hewa kabla ya kukaza skrubu. Hubaki laini kama chingamu iliyotafunwa, na unapominywa hutokeza pembeni, nawe huukata kwa kipande cha plastiki. Kwa maungio ya plaiwudi ya nje nilitumia utepe wa Siga Wigluv, ambao ni ghali na unashika kweli.

Povu la kopo la kawaida, lile la kujazia mianya, hukauka likawa gumu na kuvunjika kama biskuti, kwa hiyo chukua lile la madirisha na milango, ambalo ni laini na halisukumi fremu. Silikoni inavutika vizuri sana, lakini hakuna kinachoshika juu yake, si rangi wala hata silikoni mpya, hivyo mimi huiacha bafuni. Akriliki nimekwisha kuieleza.

Atakayeona kwamba nachukulia ufa mdogo kuwa jambo kubwa mno amkumbuke aliyelala Limuru au Njombe chini ya mabati yasiyo na dari, akaamka alfajiri akidondokewa na matone. Maji yale hayakuvuja kutoka nje, yalitokana na pumzi zake mwenyewe. Katika nyumba yenye upana wa futi 8.5 tu, unyevu huo ni mwingi zaidi, na jiko la gesi huuongeza, kwani kilo 1 ya propani ikiungua hutoa takriban lita 1.6 za maji. Hewa hiyo ya vuguvugu hupita kwenye ufa, na unyevu wake huganda ndani ya ukuta. Nilipong'oa ubao mmoja chini ya dirisha, nilikuta sufu ya kioo, ile inayojazwa ukutani kuzuia baridi, imekuwa bonge la barafu, na vichwa vya skrubu vimeota theluji kama kuta za friza.

Sufu hiyo sikuirudisha. Kwenye kuta nimeweka Rockwool, sufu ya mawe ambayo kwa unene wa inchi 3.5 ina kiwango cha R-15, yaani uwezo wa kuzuia joto lisipite, ilhali ile ya kioo niliyoitoa ilikuwa R-13. Hukatwa kwa kisu cha mkate na hubana kati ya nguzo bila kuteleza barabarani. Kwa sakafu iliyo juu ya chuma ningependa povu la kupuliza lenye vijishimo vilivyofungika, ambalo huhami na kuziba kwa pamoja, lakini wakandarasi wana bei ya chini isiyopungua hata kazi iwe ndogo namna gani. Mmoja alikuja, akaichungulia sakafu yangu, akanitoza kwa maneno tu bei ya jumba zima la vyumba vitatu. Nikanunua mbao za povu, nikazikata mwenyewe, nikaziba kingo kwa lile povu laini la kopo.

Malalamiko yangu ya mwisho ni juu ya maduka yanayouza gundi ya poliurethani iliyokwisha muda, kwani tyubu ikikaa mno rafuni hugandia ndani kwa ndani, na kati ya sita nilizonunua kwa mkupuo, mbili hazikutoka hata nilipovunja mpini wa bunduki ya kusukumia. Duka lilikataa kuzipokea kwa hoja kwamba nilikuwa nimekata ncha, kana kwamba kuna njia nyingine ya kugundua. Soma tarehe iliyopigwa kwenye tyubu, kisha iminye kwa kidole gumba kabla ya kulipa. Ikiwa ngumu kama muhogo mbichi, irudishe rafuni uchukue ya nyuma yake.