Search Console mikononi mwa karakana ya milango Bagamoyo: tathmini baada ya mwaka mmoja na nusu

Karakana ya baba yangu mdogo iko Bagamoyo, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka Mji Mkongwe wa huko, na kazi yake ni milango ya kuchonga, fremu na vitanda vya mninga, mvule na mbambakofi. Yeye na mafundi wake wanashika randa na patasi. Mimi nashika hesabu na tovuti. Huduma ninayoitathmini hapa ni Search Console ya Google, ambayo hadi mwaka 2015 ilijulikana kwa jina la Webmaster Tools, na ambayo humwonyesha mwenye tovuti maneno ambayo watu huandika kabla ya kuiona tovuti yake, kurasa zipi zimeorodheshwa, yaani zimeingizwa kwenye orodha ya Google ili ziweze kutokea katika matokeo, na zipi zimeachwa, na kwa sababu gani. Ni ya bure. Nimeitumia kwa mwaka mmoja na nusu, na naweza kusema mapema kwamba kwa biashara ndogo iliyokwisha kuwa na tovuti sijaona kifaa kingine chenye manufaa kama hayo, ingawa manufaa yenyewe hayamfikii mtu asiyekuwa tayari kuketi, kusoma, na kisha kuandika upya alichokuwa amekiandika.

Tulifika huko kwa njia ya hasara. Kampuni moja ilitutengenezea tovuti kwa WordPress, programu ya kutengenezea na kusimamia tovuti, ikatuahidi kwamba ndani ya mwezi mmoja tungekuwa wa kwanza kwenye Google, na tukalipa fedha ambazo kwa karakana yetu ni bei ya milango miwili mizuri. Miezi saba ikapita bila simu hata moja ya mteja aliyetuona mtandaoni. Hata tulipoandika jina kamili la karakana pamoja na neno Bagamoyo, tovuti haikutokea. Siku niliyoifungua Search Console na kuiweka anwani ya ukurasa wetu wa kwanza kwenye sehemu ya ukaguzi, jibu lilikuja baada ya sekunde chache: ukurasa haujaorodheshwa kwa sababu una alama inayoikataza injini ya utafutaji kuuorodhesha.

Alama hiyo ilitokana na kisanduku kimoja kidogo. Katika mipangilio ya WordPress, sehemu ya usomaji, kipo kisanduku ambacho ukikitia tiki unaziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti yako. Mafundi wa tovuti hukitia tiki wakati kazi inaendelea, ili ukurasa ambao haujakamilika usionekane na watu, na ni jambo la busara kabisa. Kinachotakiwa ni kukiondoa siku ya makabidhiano. Chetu hakikuondolewa. Niliondoa tiki, nikaomba ukurasa uorodheshwe, na baada ya siku nne jina letu likaonekana. Miezi saba ya ukimya ilikuwa imesababishwa na tiki moja, na hapana mtu aliyeigundua kwa kuwa hapana aliyeangalia. Ndiyo maana nawasihi wenye biashara ndogo waanze hapo, kabla ya kulipa shilingi moja ya ziada: wathibitishe kwanza kama tovuti yao imo.

Kuingia katika huduma hii kunadai kwamba uthibitishe kuwa tovuti ni yako. Njia pana zaidi ni kuweka rekodi maalumu katika mipangilio ya kikoa, yaani jina la tovuti lenyewe, na hapo ndipo tulipokwama, kwa sababu kikoa chetu cha .co.tz kilikuwa kimesajiliwa kwa jina la kampuni ile na wala si kwa jina letu. Tulithibitisha kwa njia ya pili, ya kuweka alama ndani ya ukurasa wa kwanza, ambayo inahitaji tu nywila ya usimamizi wa tovuti. Kuhamisha kikoa kulichukua wiki kadhaa za kuandikiana barua. Anayetengenezewa tovuti leo ahakikishe kwamba usajili wa kikoa umeandikwa kwa jina lake na kwa barua pepe yake. Ni kama hati ya kiwanja, haiachwi kwa fundi aliyejenga nyumba.

Sehemu iliyobadilisha biashara yetu ni ripoti ya utendaji. Inaonyesha mambo manne: mara ngapi umebofywa, mara ngapi umeonekana, uwiano kati ya hayo mawili, na wastani wa nafasi yako kwenye matokeo. Ukiteremka chini kidogo unakuta orodha ya maneno yenyewe, jinsi watu walivyoyaandika, pamoja na makosa yao ya tahajia. Sisi ukurasa wetu mkuu ulikuwa na kichwa kisemacho "Sanaa ya Nakshi za Pwani kwa Makazi ya Kisasa". Nilikitunga mwenyewe na nilikipenda. Katika orodha ile hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeandika neno nakshi. Waliandika "bei ya mlango wa mninga". Waliandika "milango ya maua". Waliandika "fremu ya mlango futi 7", na "mlango dabo wa mbao bei gani".

Nilimsomea baba mdogo orodha hiyo akiwa kwenye benchi la kazi, ubao wa mfaa mbele yake, ule mhimili wa katikati ambapo mbawa mbili za mlango hukutana. Aliiweka patasi chini. Akasema, "Mwanangu, mimi nimefanya kazi hii tangu hujazaliwa, na mteja hata siku moja hajaniuliza nakshi. Ananiuliza mlango wa maua shilingi ngapi, na utakuwa tayari lini. Wewe ulimwandikia nani?" Swali hilo lilikuwa na haki yake. Nilikuwa nimewaandikia watu wanaokuja kupiga picha milango ya Mji Mkongwe, ilhali wanaonunua milango ni watu wanaomalizia kujenga nyumba Kibaha, Bunju na Kigamboni, wakiwa na simu mkononi na fundi wa ujenzi anayewasubiri.

Basi niliandika upya. Kichwa cha ukurasa, kile kinachoonekana kama mstari wa kubofya kwenye matokeo, kikawa "Milango ya mninga ya kuchonga na ya maua, Bagamoyo: bei na vipimo". Aya ya kwanza ikataja aina za mbao, urefu na upana tunaoutengeneza mara nyingi, bei ya kuanzia, idadi ya siku za kazi na jinsi mzigo unavyosafirishwa. Sikuondoa neno nakshi. Nililipeleka chini, mahali ambapo tunaeleza maana ya nyororo na samaki wanaochongwa pembezoni mwa fremu, maana mteja akishavutiwa na bei hupenda pia kujua anachokinunua. Mabadiliko hayakuja kwa haraka. Wataalamu wa Google wenyewe wameeleza kwamba kazi ya namna hii kwa kawaida huhitaji kati ya miezi minne na mwaka mmoja kabla ya matunda kuonekana. Kwetu ilikuwa mwezi wa tano ndipo ukurasa ulipotoka kwenye ukurasa wa nne wa matokeo na kuingia kwenye ule wa kwanza, kwa maneno ya mninga tu. Kwa maneno ya fremu bado tuko nyuma.

Ipo tahadhari moja katika kusoma takwimu hizi. Wastani wa nafasi unaweza kukudanganya. Kwa muda nilifurahia neno moja ambalo tulikuwa nafasi ya pili, mpaka nilipotazama safu ya jirani na kuona kwamba kwa neno hilo tulionekana mara tatu tu kwa miezi mitatu. Neno lenye faida ni lile ambalo umeonekana mara nyingi na umebofywa mara chache, kwa kuwa hapo watu wanakupita huku wakikuona. Kwetu lilikuwa la ukurasa wa vitanda, ambao kichwa chake kilikuwa neno "Nyumbani", kosa la kunakili ambalo lilidumu kwa muda mrefu bila kuonwa na yeyote.

Ripoti hiyohiyo huonyesha vifaa, na kwetu karibu kila mgeni anatumia simu. Google ilitangaza mwaka 2016 kwamba itaanza kuzisoma na kuziorodhesha tovuti kwa kutazama sura yake ya simu kwanza, na ikakamilisha zoezi hilo mwaka 2023. Kwa hiyo ukurasa unaopendeza kwenye kompyuta ya ofisini na kuvurugika kwenye simu ndogo unahesabiwa kwa ule uvurugikaji. Picha zetu zilikuwa mzigo. Picha moja ya mlango dabo wenye mayungiyungi kwenye mfaa ilikuwa na uzito wa megabaiti sita, na ukurasa ulikuwa na picha kumi na nne za aina hiyo, maana yake mteja aliyetaka kuuliza bei alitakiwa kwanza kumaliza sehemu nzuri ya bando lake. Nilizipunguza zikawa chini ya kilobaiti mia mbili kila moja bila jicho kuona tofauti. Jina la faili, lililokuwa tarakimu za kamera, nililigeuza kuwa "mlango-mninga-maua-bagamoyo", kisha nikaandika maelezo mafupi ya kila picha katika sehemu yake. Tangu hapo wapo wanaotufikia kupitia utafutaji wa picha, na kwa bidhaa kama mlango, ambayo mtu huichagua kwa macho, sishangai.

Mapungufu yapo na lazima yasemwe. Ripoti ya kasi ya kurasa haikuwahi kutupatia chochote, kwa kuwa inategemea vipimo vya wageni halisi na tovuti yenye wageni wachache huambiwa kwamba data haitoshi, jambo linalomwacha mwenye biashara ndogo, ambaye ndiye mwenye haja kubwa, bila jibu. Maneno yanayotafutwa na watu wachache sana hayaonyeshwi, ili kulinda faragha yao, hivyo jumla ya orodha hailingani na jumla ya juu. Kumbukumbu hukaa miezi kumi na sita tu. Takwimu zetu za mwanzo zimekwisha kutoweka, na sasa kila mwisho wa mwezi napakua nakala na kuihifadhi. Ujumbe wa hitilafu umeandikwa kwa lugha ya mafundi, na mara mbili nimelazimika kumwomba jirani anayefundisha kompyuta anieleze maana yake.

Kubwa zaidi ni kwamba Search Console haijui kilichotokea baada ya mbofyo. Wateja wetu hawajazi fomu; wanapiga simu au wanatuma picha kwa WhatsApp. Kwa hiyo tumeweka daftari kando ya simu ya karakana, na kila anayepiga huulizwa alitupataje. Bila daftari hilo nisingejua kama mibofyo ile ni wanunuzi au ni wanafunzi wa sanaa.

Pia haigusi ramani. Kwa hilo tulifungua wasifu wa biashara wa Google, huduma nyingine ya bure iliyopewa jina la Google Business Profile mwaka 2021, na tukaithibitisha kwa video iliyoonyesha barabara, kibao chetu na mafundi kazini. Google hueleza kwamba matokeo ya mahali hupangwa kwa kutazama mambo matatu: jinsi biashara inavyolingana na kilichotafutwa, umbali, na jinsi inavyojulikana. Kazi kubwa hapo ilikuwa kuisogeza alama ya mahali, ambayo mwanzoni niliibandika karibu na ufuko, na kuwaomba wateja waliokwisha kufungiwa milango yao waandike maoni. Tunawaomba tu. Kumlipa mtu au kumpa punguzo ili aandike maoni ni kinyume cha kanuni, na mimi naona ni kinyume cha heshima ya kazi pia.

Baada ya kuufahamu mtambo huu nilirudi kukagua kazi tuliyoilipia, na nilisikitika. Chini ya kila ukurasa palikuwa na majina ya mikoa yote ya Tanzania yameandikwa kwa herufi nyeupe juu ya rangi nyeupe, yasionekane na binadamu, jambo ambalo kanuni za Google zinalihesabu kuwa udanganyifu. Ndani ya msimbo palikuwa na orodha ndefu ya maneno muhimu katika sehemu ambayo Google ilitangaza tangu mwaka 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo. Nimeyafuta yote. Sisemi kwamba kila anayetoa huduma hii ni wa namna hiyo, lakini Google yenyewe imeandika wazi kwamba hapana awezaye kukuhakikishia nafasi ya kwanza, na anayekuahidi hivyo muulize atakuonyesha nini kwenye Search Console, kwa akaunti yako, kila mwezi.

Kwa sasa ninashughulikia ukurasa wa Kiingereza. Wenye hoteli za ufukweni walioko nje ya nchi hutafuta "Zanzibar door" hata kama mlango umechongwa Bagamoyo na mtu wa Bagamoyo, na baba mdogo hakulipenda jambo hilo hata kidogo. Tulikubaliana kwamba neno hilo litumike mara moja tu, katika sentensi inayoeleza kwamba milango ya namna hiyo huchongwa pwani yote, na kwamba jina la Bagamoyo litangulie katika kichwa. Sentensi hiyo aliisoma yeye mwenyewe kwenye simu kabla sijaichapisha, akanirekebisha tahajia ya neno mbambakofi, kisha akarudi kwenye benchi.