Land Rover Series II Tanga: isiyoguswa au iliyokarabatiwa?

Kwa hewa ya chumvi ya Tanga, bora ununue isiyoguswa, mradi chesisi (fremu ya chuma inayobeba gari) ni nzima. Bodi kwa sehemu kubwa ni aluminiamu. Kinachooza zaidi ni chuma cha chesisi, hasa boriti ya nyuma. Ingia uvunguni na nyundo ndogo: chuma kizima hulia kwa mlio mkali, kilichooza hutoa mlio mzito na kumwaga magamba ya kutu.

Iliyokarabatiwa huwaka siku hiyohiyo, ila rangi nyeusi nzito uvunguni huficha viraka vya kuchomelea. (Rangi ya juzi? Shuku.)

Kwa injini iliyolala miaka, usipige stata. Toa plagi, tia kijiko cha oili kila silinda, ilaze usiku kucha, kisha zungusha injini kwa hendeli ya mkono. Ikigoma, teremsha bei. Namba ya chesisi isipolingana na kadi, ondoka.