Fundi wa mapangaboi na helikopta ya Kerbal

Kazi yangu ni kusuka mota: mapangaboi, pampu za kisima, mara mojamoja mashine ya kusaga. Kibanda kipo Magomeni, hapa Mtwara mjini. Nasema mapema ili ujue anayetoa maksi hapa si kijana wa gemu.

Gemu lenyewe ni Kerbal Space Program la Squad, watu wa Mexico. Unaunda roketi kipande kwa kipande, unapandisha vijitu vya kijani, unarusha. Mahesabu yakikataa vinalipuka navyo. Leo lakini naongelea nyongeza yake, Breaking Ground, iliyotoka Mei 2019 na inauzwa peke yake. Mna bawaba, pistoni, na mota za kuzungusha mapanga. Wengine huitaka kwa mikono ya roboti. Mimi niliitaka kwa helikopta tu. Enzi zile za kutafuta gesi baharini helikopta zilikuwa zikipita juu ya paa letu kwenda kwenye meli za kuchimba, kuku wote uvunguni.

Ya kwanza niliifunga mota moja juu na mapanga manne. Kuwasha tu, mapanga kulia, bodi kushoto, chombo kikazunguka kama pia mpaka kikalala. Nilicheka peke yangu, maana hili nalijua. Washa mota ya pampu mezani bila kuifunga bolti uone: shafti inaenda huku, bodi inarukia kule. Kidole changu cha shahada kina kovu lake.

Dawa ni panga dogo mkiani, au mota mbili zilizopandana zikizunguka kinyume. Nikachukua ya pili. Hata Ingenuity, kile kihelikopta cha NASA cha kilo 1.8 kilichoruka Mars tarehe 19 Aprili 2021, kilipangwa hivyohivyo. Nikageuza mota ya chini, nikasahau kugeuza mapanga yake. Basi ya juu inavuta juu, ya chini inakandamiza chini, chombo kimekaa kwenye lami kinanguruma, betri inakwisha.

Sasa uendeshaji, na hapa ndipo hela yako inaporudi. Ukiwa mgeni utafunga resi kwenye kasi ya mota. Usithubutu. Mota ina uzito wake, inachelewa kuchanganya na inachelewa kupoa. Unapokumbuka kuongeza umeshagonga chini. Iache izunguke mara 460 kwa dakika, ndiyo mwisho wake, halafu resi uifunge kwenye pembe ya mapanga. Pembe ikikaza unapanda saa hiyohiyo, ikilegea unashuka. Helikopta za kweli nazo huendeshwa hivyo, mzunguko haubadiliki sana, kinachobadilika ni mlalo wa panga. Mpangilio huo unaufanyia karakanani, kwenye ukurasa wa vikundi vya vitendo: gusa panga, chagua pembe, ikabidhi kwa resi kuu. Jioni tatu ziliniishia hapo. Kuinamisha chombo mbele au pembeni nimewaachia magurudumu ya kusawazisha ya ndani, yanatosha kwa chombo kidogo.

Mwezini kwao, Mun, usiipeleke, hewa hamna, mapanga yatakata utupu. Duna, sayari ya gemu inayofanana na Mars, inakubali, hewa yake nyepesi, ila bado nzito kuliko ya Mars, kwa hiyo punguza uzito na urefushe mapanga.

Kiswahili hamna na maandishi ni madogo kwa macho yangu. Kompyuta yangu ya mtumba nayo inahema: vipande vikizidi, saa ya gemu inageuka njano na sekunde moja inavutika kama ulimbo. Nane kwa kumi.

Juu ya paa la karakana kuu wamechora viduara vya kutulia helikopta. Juzi nilikiendea kimoja, mpwa wangu begani: "Mjomba, pembe! Legeza pembe!" Nikalegeza kidogokidogo, chombo kikayumba, kikashuka, kikagusa. Miguu mitatu ndani ya duara, mmoja nje. Tukapiga kelele.

Kugeuka, mteja kasimama dirishani sijui tangu saa ngapi, pangaboi lake mkononi. Akachungulia kioo, akauliza hiyo yenye mota mbili inatumia kapasita ya ngapi.