Kambi ya sarakasi Mtwara: nilimwandikisha kundi la kati, akaanza upya kundi la chini

Likizo ya Juni nilimpeleka binti yangu wa miaka 9 kwenye kambi ya sarakasi na ushangiliaji hapa Mtwara mjini. Ni wiki 2, Jumatatu hadi Ijumaa, saa 2 asubuhi mpaka saa 6 mchana, shilingi 50,000 pamoja na uji wa saa 4. Jina la kambi sitalitaja kwa sababu nina lalamiko, na nimeshawafikishia wenyewe. Walimu wao ni wazuri sana. Uandikishaji wao ndio uliotutia kwenye matatizo.

Fomu ilikuwa na makundi matatu: wanaoanza, wa kati na waliokomaa. Pembeni pameandikwa umri, miaka 5 hadi 8 wanaoanza, 9 hadi 12 wa kati. Nikauliza kama mtoto hajaribiwi kwanza. Kijana wa mapokezi akanijibu, "Mama, wewe ndiye unayemjua mwanao, weka tiki tu." Nikaweka tiki kwenye kundi la kati.

Sikuona tatizo la kupanga kwa umri, maana kwetu huku tumezoea rika. Watoto wa rika moja wanaingia jandoni au unyagoni pamoja, na hakuna anayeachwa nje kwa kuwa mikono yake haijakaza. Halafu nilikuwa na sababu yangu nyingine: kila Jumapili tukienda ufukweni Shangani, binti yangu anaruka kinyumenyume, anatua kwa mikono, miguu inapita juu, anasimama wima. Watu wanampigia makofi. Nikasema huyu si wa kuanza na kichwangomba.

Siku ya kwanza ukumbini walitandikiwa magodoro membamba juu ya sakafu. Zamu yake ilipofika akaruka kama kawaida yake. Viganja vikatua, viwiko vikakunjika, utosi ukagonga godoro. Akainuka anajishika shingo, macho yamejaa maji. Siku ya pili aligoma kuruka. Siku ya tatu asubuhi tumbo likamuuma, na mtoto wangu huyu haumwi tumbo hovyo. Siku ya nne nikaomba ruhusa kazini, nikaenda kukaa naye ukumbini.

Mwalimu mkuu akaniita pembeni. Aliniuliza swali ambalo sitalisahau: "Mama, huko ufukweni anarukia upande gani, majini au nchi kavu?" Ikabidi nifikiri. Majini, siku zote. Akasema, "Basi mteremko ndio unaomrusha."

Alinieleza taratibu. Mtoto akirukia upande wa chini, miguu inapata nafasi zaidi ya kuzunguka, hivyo hata asiposukuma kwa nguvu anasimama. Mchanga nao unasamehe viwiko vilivyolegea. Kwenye sakafu tambarare hakuna cha kumsaidia: lazima asukume mwenyewe kwa miguu, mikono inyooke na mabega yabebe uzito wote. Asipokuwa na hayo, uzito unaishia kwenye vifundo vya mikono na shingo.

Akamjaribu mbele yangu, dakika 10 hivi. Asimame kwa mikono ukutani mpaka hesabu ya 20. Apige kichwangomba cha nyuma na kuinuka kwa miguu bila kugusa goti. Ajikunje daraja, viwiko vimenyooka. Kichwangomba alikiweza. Ukutani alifika 8, viwiko vikaanza kutetemeka, akashuka. Majaribio hayo matatu yangefanyika siku ya kuandikisha, tungeokoa siku nne na machozi yote yale.

Binti yangu anaangalia sana kwenye simu ile chialidingi ya Marekani, mchezo wa kushangilia timu kwa kuruka na kupandana mabegani, kwa hiyo nilimuuliza mwalimu wenzetu wanapangaje. Akasema kwenye vilabu vya mashindano kule kuna ngazi 7. Ruko hilo la kinyumenyume kwa mikono haliruhusiwi ngazi ya 1, linaanzia ngazi ya 2. Kupinduka hewani bila kugusa chini kunaanzia ngazi ya 3. Umri nao unatazamwa, lakini hauwi ruhusa ya kuruka usichokiweza, na kikundi kikifanya ruko lililozidi ngazi yake kinakatwa pointi.

Jambo jingine lililonikera ni piramidi, ile ya watoto kupandana. Siku ya tatu msaidizi alimchagua binti yangu asimame juu kwa kuwa ni mwepesi. Wepesi si ujuzi. Wa juu anatakiwa akaze mwili wote, maana mtoto anayelegea anakuwa mzito kuliko uzito wake, na waliomshika chini walikuwa wasichana wawili walioanza wiki hiyo hiyo. Hakuanguka, nashukuru Mungu, ila niliomba asipandishwe tena na mwalimu mkuu akakubali palepale.

Kuhamia kundi la chini niliogopa kutamvunja moyo. Mwalimu hakumwambia ameshuka. Alimwambia, "Miguu yako imeshajua, sasa tunaifundisha mikono." Humo akamkuta msichana wa miaka 12, wakawa marafiki. Kundi lenyewe lilikuwa na watoto 11, wakati la kati lilikuwa na 18 kwa mwalimu mmoja na msaidizi, kwa hiyo hata kuangaliwa aliangaliwa zaidi. Siku ya tisa alifika hesabu ya 20 ukutani. Maumivu ya tumbo hayakurudi.

Mzazi mwenzangu unayefikiria kambi ya Desemba, mrekodi mwanao kwa simu akiwa uani, mahali tambarare, aruke mara tatu bila kushikwa, halafu uwaonyeshe walimu kabla ya kulipa. Uliza kama anaweza kubadilishiwa kundi katikati bila kulipa upya, sisi hatukudaiwa. Ukisitasita kati ya makundi mawili, chukua la chini. Kupandishwa siku ya tatu ni furaha kwa mtoto. Kurudishwa siku ya nne, binti yangu alilia njia nzima mpaka nyumbani.

Ufundishaji nawapa nyota 5, uandikishaji 2. Desemba tunarudi, na wameniahidi majaribio siku ya kwanza.

Jumapili iliyopita tulikwenda Shangani, maji yamekupwa. Binti yangu aliacha mteremko wake wa siku zote, akatembea mpaka kwenye mchanga mgumu ulio tambarare, akanyanyua mikono na kuniita. Nikamwekea mkono mmoja kiunoni na mwingine nyuma ya paja, kama mwalimu alivyonielekeza, naye akahesabu mwenyewe mpaka tatu.