Uzoefu wangu: kubadilisha valvu ya VVT-i ya injini ya 1NZ-FE nyumbani

Valvu niliyofunga ni orijino ya Toyota, namba 15330-21011. Injini ni 1NZ-FE, ile ya cc 1500 iliyomo kwenye Vitz, IST, Probox na Premio nyingi. VVT-i ni mfumo wa Toyota wa kurekebisha muda wa kufunguka kwa valvu za injini, na valvu hii ndiyo inayopeleka oili kwenye gia ya kamshafti, ile shafti inayozifungua. Ikinata, gari linatetemeka likiwa sailensa (injini inawaka bila kukanyaga mafuta), linazima kwenye foleni au linakosa nguvu kwenye mlima. Mashine ya kupima hitilafu husoma kodi P0011 au P0012, na P1349 kwenye gari za zamani kidogo.

Usinunue kabla ya kupima. Injini ikiwa baridi, chomoa soketi ya waya na upime pini mbili za valvu kwa multimita: inatakiwa ohm 6.9 hadi 7.9. Kisha washa injini soketi ikiwa bado imechomolewa, itaunguruma kawaida. Igusishe valvu umeme wa betri kwa sekunde moja au mbili tu, maana ukiushikilia koili inaungua. Injini ikianza kumisi au ikizima, valvu inafanya kazi, kwa hiyo kagua waya na oili. Isipobadilika kabisa, valvu imenata, au kile kichujio kidogo cha wavu kilicho nyuma ya boliti ya kuziba kwenye silinda hedi kimejaa uchafu. Mafundi wengi hawakigusi kichujio hicho, na valvu mpya inanata tena.

Valvu iko upande wa mbele wa hedi, karibu na alteneta. Inashikwa na boliti moja ya namba 10, lakini mkono haupiti vizuri. Toa terminali hasi ya betri, legeza mkanda, kisha isogeze alteneta. Hapo racheti yenye ekstensheni fupi inafika. Safisha eneo lote kwanza, kwa sababu mchanga ukidondokea kwenye tundu unaingia moja kwa moja kwenye njia ya oili. Klipu ya soketi huwa imekauka kwa joto, kwa hiyo ibonyeze taratibu.

Kosa kubwa ni kuchokonoa valvu kwa bisibisi kupitia kichwa chake cha plastiki. Kinapasuka. Ishike sehemu ya chuma, izungushe kushoto na kulia mpaka iachie, halafu ivute ikiwa imenyooka. Angalia kama o-ringi ya zamani (mpira wa duara unaozuia oili kuvuja) imetoka nayo, maana mara nyingi hubaki ndani ya tundu. Paka o-ringi mpya oili safi, sukuma valvu kwa mkono mpaka ikae, ndipo ufunge boliti kwa 7.5 Nm. Ukiivuta kwa boliti, o-ringi inakatika na oili inadondokea alteneta.

Kuhusu bei, orijino ni ghali na bado naipendekeza. Kopi niliyowahi kuifunga ilipima ohm sawasawa, ila o-ringi yake ilikuwa ngumu na ikaanza kuvuja mapema.

Kama oili imekuwa tope, imwage siku hiyo hiyo: lita 3.7 za 5W-30 pamoja na filta mpya. Futa kodi za hitilafu kwa mashine, acha injini ipate moto, kisha pitisha kitambaa cheupe chini ya valvu uone kama oili inavuja.