HO au N: reli ya mfano kwa mfuko mwembamba

HO na N ni vipimo viwili vya treni ndogo za mfano. Kwa nafasi, N inashinda waziwazi. Uwiano wake ni 1:160, yaani ndogo mara 160 kuliko treni halisi, reli mbili zikiachana milimita 9 tu, na duara zima hutosha kwenye ubao wa sentimita 60. HO ni 1:87, milimita 16.5; duara lake la kawaida linataka karibu mita nzima.

Kwa bei, HO ya mitumba ni rahisi zaidi kuipata. Tena kichwa chake cha treni ni kizito, hakisumbuliwi sana na vumbi. Cha N ni chepesi: uchafu kidogo juu ya reli, kinasimama. Mimi hufuta kwa kitambaa chenye spiriti, polepole, mpaka kisitoke cheusi.

Macho yamechoka? Chukua HO. Unaishi chumba kimoja? N, ubao uingie uvunguni.